Mwenendo wa Watu Katika Mashirika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lubumbashi

Maswali haya yameulizwa darasani, karakanani na mara nyingine barabarani, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakuu wa zamu, wakuu wa shule na wenye maduka. Yanajibiwa kwa Kiswahili kwa sababu mjini Lubumbashi kazi huamriwa, hubishaniwa na husuluhishwa kwa Kiswahili, hata pale ambapo mkataba na barua ya onyo vimeandikwa kwa Kifaransa.

Somo hili linahusu nini hasa?

Linachunguza jinsi watu wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyotenda wanapokuwa ndani ya shirika. Neno shirika hapa lina maana pana: ni kila kundi la watu waliogawana kazi na madaraka kwa ajili ya lengo linalowaunganisha, liwe mgodi, hospitali, shule, parokia, duka la dawa au chama cha ushirika cha wachimbaji wa mikono. Wanafunzi wetu hulikuta somo hili kwa jina la Kifaransa, comportement organisationnel, na mara nyingi hulipata likiwa ndani ya masomo ya saikolojia ya kazi au ya uongozi wa biashara.

Uchunguzi hufanywa katika ngazi tatu. Tunamtazama mtu mmoja, mitazamo yake na ari yake. Tunalitazama kundi, namna linavyoshirikiana, linavyogombana na linavyoongozwa. Kisha tunalitazama shirika zima, muundo wake na desturi zake. Jambo linaloonekana kuwa la mtu mmoja mara nyingi mizizi yake iko katika muundo, na ndiyo maana ngazi hizo hazisomwi mbalimbali.

Kila shirika lina sura mbili. Ya kwanza imebandikwa ukutani pamoja na majina ya wakuu na mishale inayoonyesha nani anamwamuru nani. Ya pili haijaandikwa popote. Fundi anayehitaji kipuri anatakiwa ajaze fomu, mkuu wake aitie sahihi, ndipo ipelekwe bohari. Lakini fundi huyo anaimba kwaya moja na mtunza bohari, anayemwita yaya, yaani ndugu mkubwa, kwa hiyo anamwendea kwanza, na fomu inafuata alasiri wakati mashine imeshaanza kuzunguka. Asiyeijua sura hii ya pili hawezi kueleza kwa nini kiwanda kinafanya kazi, wala kwa nini siku moja kinasimama.

Je, mambo haya si yale ambayo mtu mzima anayajua tayari kwa uzoefu?

Uzoefu unafundisha, lakini una upande wake: humtupia mtu lawama upesi na kuyaacha mazingira. Mwaka 1936 mwanasaikolojia Kurt Lewin alieleza kwamba mwenendo ni matokeo ya mtu na mazingira yake kwa pamoja. Mwaka 1977 mwanasaikolojia wa Marekani Lee Ross alilipa jina kosa letu la kila siku, yaani kueleza matendo ya wengine kwa tabia zao na kuisahau hali waliyomo.

Nililiona kosa hilo kwa karibu katika karakana ndogo ya kulehemu huko Katuba, komini ya Lubumbashi. Mzee mwenye karakana alipima nafasi ya lango akiwa na mteja, akaandika vipimo kwa chaki juu ya bati. Kijana aliyeshika upande wa pili wa utepe aliona kwamba mzee ameandika sentimita 310 mahali palipokuwa na 301, akanyamaza. Mabomba yakakatwa, yakalehemewa, lango likapakwa rangi, na siku ya kulifunga halikuingia kati ya nguzo. Mzee akasema mbele ya wote kwamba vijana wa siku hizi hawana akili. Baadaye nilimuuliza kijana, naye akajibu kwa sauti ya chini: "Niliona, lakini ningemkosoaje mzee mbele ya mteja?"

Kijana huyo alikuwa na akili, macho na nia njema. Alichokosa ni njia ya kusema bila kuvunja heshima. Uzoefu wa mzee ulimwelekeza kumbadilisha kijana, ilhali kilichohitaji kubadilishwa ni utaratibu, na kwa sifa yake mzee alikubali jambo hilo baada ya mazungumzo marefu. Aliagiza kwamba kabla ya kukata chuma, aliye mdogo kuliko wote apime upya na asome vipimo kwa sauti, na aliyeviandika aitikie. Kwa kuwa ni agizo la mzee mwenyewe, kijana anayesoma sasa hamkosoi mtu, anatii.

Elimu hii ilianzaje?

Mwanzoni mwa karne ya 20 wahandisi ndio walioishika kalamu. Mmarekani Frederick Winslow Taylor alipima kazi za mikono kwa saa, akazigawa katika vitendo vidogo, akaamini kwamba kila kazi ina njia moja iliyo bora. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1911. Mwaka huohuo mafundi wa ghala la silaha la Watertown, huko Massachusetts, waligoma kwa kukataa kupimwa kwa saa. Mfaransa Henri Fayol, ambaye alikuwa mhandisi wa migodi na mkuu wa kampuni ya migodi kwa takribani miaka 30, alichapisha mwaka 1916 maelezo ya kazi tano za uongozi, na mpaka leo mwanafunzi wa Kongo huzikariri: kupanga mbele, kuunda, kuamuru, kuratibu na kukagua. Mjerumani Max Weber naye, katika kitabu kilichotoka mwaka 1922 baada ya kifo chake, alieleza utawala wa ofisi unaofuata kanuni na kumbukumbu zilizoandikwa, ambamo cheo ni mali ya ofisi na si ya mtu anayekikalia. Watu wengi husema urasimu kama tusi. Weber aliutazama pia kama kinga dhidi ya utawala wa upendeleo, na mtu aliyewahi kunyimwa haki yake kwa sababu hana ndugu ofisini atamwelewa.

Kisha yakaja majaribio ya Hawthorne, na hapa inafaa tukae kidogo. Hawthorne kilikuwa kiwanda cha vifaa vya simu cha Western Electric, huko Cicero karibu na Chicago. Tangu mwaka 1924 watafiti walijaribu kujua kama mwanga ukiongezwa kazi itaongezeka, na matokeo hayakufuata mwanga. Mwaka 1927 waliwaweka wanawake wachache wanaounganisha vifaa katika chumba cha peke yao, wakabadilisha mapumziko, saa za kazi na namna ya kulipa, na kazi ikaendelea kupanda. Elton Mayo na wenzake wa Harvard walieleza kwamba kilichobadilisha mambo ni mahusiano: wanawake hao walisikilizwa, wakawa kundi. Maelezo hayo yalijaa katika vitabu, lakini wasomi wa baadaye waliyatilia shaka kwa sababu nzuri. Malipo yalikuwa yamebadilishwa, na mwanzoni mwa mwaka 1928 wanawake wawili waliohesabiwa kuwa wagumu waliondolewa, wakaletwa wengine waliofanya kazi kwa kasi zaidi. Mwalimu anayefundisha Hawthorne bila kutaja mambo hayo anafundisha nusu yake tu.

Sehemu ninayoiona kuwa na thamani kubwa zaidi ni ile ya mwisho, ya mwaka 1931 na 1932, ambapo wanaume 14 waliochunguzwa katika chumba kimoja bila kubadilishiwa kitu walionekana kuwa na kiwango chao wenyewe cha kazi ya siku. Aliyekizidi alidhihakiwa na kupigwa ngumi ya begani. Aliyefanya kidogo mno naye alisemwa. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, nao waliogopa kwamba wakifanya zaidi, mwajiri atapunguza malipo au watu. Mkuu wa zamu aliyewahi kumsikia mfanyakazi hodari akiambiwa na wenzake "Wewe unataka kutuonyesha nini?" anajua kwamba chumba hicho hakiko Chicago peke yake.

Kuna utafiti wowote uliofanywa migodini?

Upo, na kwa mji wa shaba ungestahili kufundishwa kabla ya mengine yote. Mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth wa Taasisi ya Tavistock ya London walichapisha uchunguzi wao wa migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Bamforth mwenyewe alikuwa amefanya kazi mgodini, na inaonekana katika maandishi: anajua giza la chini, na anajua hofu ya dari.

Zamani wachimbaji walifanya kazi kwa vikundi vidogo vya watu waliochaguana wenyewe. Kikundi kilichimba, kikapakia na kuweka nguzo, mwanzo hadi mwisho, na mtu akiumia wenzake waliitunza familia yake. Mashine zilipoletwa, kazi ilipangwa upya kwa watu 40 hadi 50 waliogawanywa katika zamu tatu, kila zamu na kipande chake: ya kwanza inakata, ya pili inahamisha mkanda wa kubebea makaa, ya tatu inapakia. Kwa mhandisi mpango huo ulikuwa mzuri. Chini ya ardhi, zamu iliyoharibu kazi ilimwachia matatizo mtu ambaye hawaonani, lawama zikapita kutoka zamu hadi zamu, watu wakaanza kukosa kazini, na uzalishaji haukufikia matarajio.

Trist na wenzake hawakusema mashine zirudishwe. Walisema kwamba chombo na mahusiano ya watu ni mfumo mmoja, na anayebadilisha kimoja amebadilisha vyote viwili, atake asitake. Baadaye walionyesha kwamba katika baadhi ya migodi ya Durham wachimbaji waliotumia mashine hizohizo walijipanga wenyewe kwa vikundi vya kubadilishana kazi na kugawana malipo, na hali ikawa bora. Leo, kampuni ya Katanga inapoleta malori makubwa na mitambo mipya, swali la kwanza huwa ni nani atafunzwa kuyaendesha. Swali la nani atamkabidhi nani kazi saa kumi na mbili jioni, na kwa maneno gani, huja baada ya ajali.

Historia ya Lubumbashi yenyewe ina nafasi gani katika somo hili?

Kubwa, na inasikitisha kwamba vitabu vinavyofundishwa hapa huanzia Chicago na kuishia Chicago. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji, ukiitwa Élisabethville, ulianzishwa mwaka 1910. Miaka ya kwanza wafanyakazi waliletwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi, wengi wakafa kwa magonjwa au wakatoroka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iligeuza mwelekeo, ikaanza kumtaka mfanyakazi akae na mke na watoto katika kambi yake, kwa mikataba ya miaka mitatu. Ikatoa nyumba, posho ya unga, zahanati na shule. Malezi hayo yalikuwa pia udhibiti: kampuni iliingia hadi jikoni kwa mtu. Hata hivyo watu waliyapima kwa maisha yao, wakasema kwa Kiswahili cha hapa, "Kazi njo baba, kazi njo mama."

Msemo huo una ndani yake dhana nzima ya kitaalamu. Chris Argyris mwaka 1960, na baada yake Denise Rousseau mwaka 1989, walizungumzia mkataba wa kisaikolojia: yale ambayo kila upande unaamini kwamba umeahidiwa, ingawa hayamo katika karatasi iliyotiwa sahihi. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa mwishoni mwa mwaka 1966, ilirithi pia ahadi hiyo isiyoandikwa. Mwaka 1986 ilizalisha karibu tani 476,000 za shaba. Miaka ya 1990 uzalishaji ukaanguka, mishahara ikacheleweshwa kwa miezi mingi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia.

Ukizungumza na wazee hao, wengi watakueleza kiasi walicholipwa na jinsi hesabu ilivyofanywa. Kisha watasema jambo jingine, kwamba mtu hafukuzwi na baba yake. Mhasibu husikia hapo hisia tu. Mwanafunzi wa somo hili anatakiwa asikie mkataba uliovunjwa, na aelewe kwa nini watoto wa wazee hao, wanapoajiriwa leo na kampuni binafsi ndogo ya mkandarasi, huitazama kazi kama basi la kupanda na kushuka.

Kwa nini mfanyakazi aliyeongezwa mshahara bado ananung'unika?

Kwa sababu mtu hahesabu mshahara wake peke yake. J. Stacy Adams alieleza katika miaka ya 1960 kwamba kila mmoja hulinganisha anachotoa na anachopata na kile ambacho mwenzake anatoa na kupata. Uwiano ukionekana kupinda, atapunguza juhudi, atadai zaidi, atambadilisha anayejilinganisha naye, au ataondoka.

Mji huu unalo tukio chungu la kufikiria nalo. Wakati wa vita mwaka 1941 bei za vitu zilipanda, na wafanyakazi wazungu wa migodi walidai nyongeza wakaipata. Desemba wafanyakazi waafrika wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza yao. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa michezo wa Élisabethville, askari waliwafyatulia risasi, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, akauawa. Njaa ilikuwepo, na ingetosha kueleza mgomo; lakini walichokisema pia ni kwamba bei ni moja sokoni kwa wote, na nyongeza imetolewa kwa upande mmoja.

Je, motivasyo ni pesa?

Neno hili lina historia yake Kongo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi walianza kutoa shuleni pesa zilizoitwa primu ya motivasyo, yaani nyongeza ya kumtia mtu ari, na desturi hiyo ilidumu mpaka elimu ya msingi bila malipo ilipoanza kutekelezwa mwaka wa shule 2019–2020. Kizazi kizima kilikua kikijua kwamba motivasyo ni noti zinazowekwa ndani ya bahasha. Kwa hiyo mwalimu wa somo hili anapoandika neno hilo ubaoni, ajue kwamba wanafunzi wanasikia kitu kingine.

Katika elimu hii, motivasyo, au ari, ni ile nguvu inayomfanya mtu aanze kazi, aielekeze mahali fulani na aendelee nayo. Abraham Maslow, mwaka 1943, alipanga mahitaji ya binadamu kuanzia ya mwili hadi ya kujitimiza. Ile piramidi inayochorwa katika kila kazi ya mwanafunzi haikuchorwa na yeye, na ningependa ichorwe mara chache zaidi, kwa sababu inamfanya mtu aamini kwamba mwenye njaa hahitaji heshima. Muuguzi anayekaa miezi bila mshahara na bado anafika zamu ya usiku anaikanusha piramidi hiyo kila wiki. Frederick Herzberg, mwaka 1959, alitenganisha mambo ambayo yakikosekana yanakera, kama mshahara na hali ya kazi, na yale yanayoleta ari yenyewe, kama mafanikio na kutambuliwa. Aliwahoji wahasibu na wahandisi wa Pittsburgh, na ni vema tukumbuke hao walikuwa akina nani kabla ya kumpelekea mbeba mizigo nadharia yao.

Anayetaka chombo cha kutumia kazini atapata msaada zaidi kwa Victor Vroom, aliyeandika mwaka 1964. Kwa maneno yangu, mtu hujiuliza mambo matatu: nikijitahidi, nitaweza? Nikiweza, nitapewa kweli? Na hicho nitakachopewa, nakitaka? Jibu moja likiwa hapana, primu yote imepotea. Wakuu wengi huongeza kiasi cha primu wakati tatizo liko katika swali la pili: mara mbili zilizopita waliahidi, hawakutoa.

Kwa nini watu hunyamaza mkutanoni, kisha husema yote nje?

Kwa sababu nje hakuna gharama. Amy Edmondson wa Harvard alipochunguza timu za wauguzi katika miaka ya 1990 alitarajia kwamba timu nzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta kwamba ndizo zilizoripoti mengi zaidi. Aligundua kwamba katika timu hizo watu waliweza kukiri kosa bila kuogopa kudhalilishwa, na mwaka 1999 aliandika kuhusu usalama huo wa kisaikolojia.

Albert Hirschman, mwaka 1970, alitoa mwanga wa namna nyingine, na mfano wake ulitoka Afrika, katika reli za Nigeria. Alijiuliza kwa nini reli ile iliendelea kuharibika ingawa malori yalikuwa yakiichukulia biashara. Jibu lake ni kwamba wateja waliokuwa na uwezo wa kupiga kelele ndio walioweza kuhamia kwenye malori. Walipoondoka, waliondoka na sauti zao, na reli ikabaki bila wa kuikemea. Mtu asiyeridhika, kwa hesabu yake, ana njia ya kuondoka na njia ya kusema, na uaminifu wake kwa shirika ndio unaoamua atangoja muda gani kabla ya kuichukua ya kwanza. Lubumbashi ni mji wa reli, na msomaji atakuwa na mifano yake mwenyewe. Mkuu anayefurahi kwamba wenye maneno mengi wameacha kazi ajiulize ni nani sasa atamwambia kwamba paa linavuja.

Je, kuna utafiti unaosema sisi Wakongomani tuko namna fulani kazini?

Mwanafunzi atakutana na Geert Hofstede, ambaye mwaka 1980 alilinganisha nchi kwa kutumia madodoso zaidi ya 116,000 yaliyojazwa na wafanyakazi wa kampuni moja, IBM, kati ya mwaka 1967 na 1973. Kongo haikuwemo. Baadaye Afrika Mashariki iliwekwa katika fungu moja lenye Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia, kana kwamba Addis Ababa na Lusaka ni mtaa mmoja. Dhana zake, kama ile ya umbali wa madaraka kati ya mkuu na aliye chini yake, zinasaidia kuuliza maswali. Zikitumiwa kumwambia mtu jinsi alivyo kwa kutazama paspoti yake, zinadhuru.

Vipi kuhusu ndugu na watu wa asili moja kazini?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, nalo linastahili jibu la wazi. Henri Tajfel, akifanya kazi Bristol mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwagawa wavulana katika makundi kwa sababu isiyo na uzito, kwa mfano kuambiwa kwamba wanapenda michoro ya mchoraji Klee au ya mchoraji Kandinsky, na hata hivyo waliwapendelea wa kundi lao walipogawa zawadi. Ikiwa mchoro unatosha, lugha ya nyumbani itakuwaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Katanga ilishuhudia wenzi wa kazi na majirani wakitenganishwa kwa asili zao, na majeraha hayo bado yamo ndani ya ofisi tunazofanyia kazi.

Kumwajiri ndugu kuna sababu zake: unamjua, na aibu ya familia humzuia kuiba. Lakini yule asiye ndugu husoma kila upandishaji cheo kama tangazo. Kinachosaidia si hotuba ya umoja. Kinachosaidia ni vigezo kuandikwa kabla ya majina kujulikana, na kazi kupangwa ili watu wa makundi tofauti wahitajiane kila siku.

Je, hili ni sawa na sheria ya kazi au usimamizi wa watumishi?

Hapana. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema yanayoruhusiwa na yanayokatazwa. Usimamizi wa watumishi hushughulika na kuajiri, kulipa na kufundisha. Somo letu linaeleza kwa nini watu hutenda wanavyotenda baada ya sheria kubandikwa na mshahara kulipwa.

Kiongozi mzuri huzaliwa au hufundishwa?

Tabia ya kuzaliwa ina sehemu yake, lakini ndogo kuliko wanavyodhani waliokwisha kuteuliwa. Mazingira huamua mengi: anayefaa kuongoza uokoaji wakati wa moto huenda asifae kuongoza walimu wa chuo.

Je, elimu hii haiwezi kutumiwa kuwanyonya wafanyakazi?

Inaweza, na imetumiwa. Wapo wakuu wanaotaka wajue ari ili wapate kazi zaidi kwa fedha ileile, na wapo wanaotumia semina ya mawasiliano kuzima dai la haki. Mfanyakazi na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wana haki ya kuisoma elimu hii sawa na mkurugenzi, na ninapofundisha napenda wakae chumba kimoja.

Nataka kuanza bila kuingia chuoni. Nifanye nini?

Chukua daftari, na kwa wiki mbili usiandike tabia ya mtu yeyote. Andika matendo na saa. Ukitaka kuandika "mvivu", futa, uandike ulichokiona. Kisha chora kwa mishale nani humwendea nani anapokwama, uilinganishe na orodha ya vyeo. Mwishoni muulize aliye mdogo kuliko wote ni kitu gani kinachomchelewesha ambacho wewe hukioni, na siku hiyo usimjibu.

Mama mmoja mwenye ghala la saruji na mabati alifanya hivyo. Alikuwa na vijana watatu aliowaita wavivu kwa sababu lori la kwanza lilikuwa likitoka saa nne asubuhi. Daftari lake la wiki ya kwanza lilionyesha kwamba wote watatu hufika saa moja na nusu na kukaa nje kwenye matofali, wakimngoja shemeji yake mwenye ufunguo pekee, ambaye hupeleka watoto shule kwanza. Alasiri ya Ijumaa hiyo alimtuma kijana mdogo komini ya Kenya, hapahapa mjini, kuchonga ufunguo wa pili, na Jumatatu lori likatoka saa mbili na dakika ishirini.